Kipozeo cha maji nakisifu, aliyeniuzia simsifu

Kifaa chenyewe nakisifu, duka lililoniuzia silisifu hata kidogo, na kama kuna mtu wa Mtwara, Lindi au Masasi anayefikiria kuagiza kipozeo cha maji cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kutoka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, namwomba asome maelezo haya kabla hajatuma fedha.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sherehe za jando, ambazo huku kwetu hufululiza mara tu wakulima wanapolipwa fedha zao za korosho. Prosesa yangu ni Core i7 ya kizazi cha 12, ya aina ile yenye herufi K ambayo haiji na feni yake ndani ya boksi. Feni ndogo niliyokuwa nimeazima ilikuwa ikiiacha ifike nyuzi 100, kiwango ambacho prosesa hiyo hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiharibike, na video ya saa mbili ikawa inachukua usiku kucha. Msomaji azingatie pia kwamba hakuna kipozeo, kiwe cha maji au cha feni, kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na chumba changu cha Shangani, hapa Mtwara, kikifungwa madirisha mchana wa Desemba si mahali pa kumweka mgeni unayemheshimu.

Kabla ya kulipa nilimtumia muuzaji picha ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, nikamwandikia kwamba soketi, yaani kikalio cha prosesa, ni ya aina ya LGA1700, kisha nikamwuliza waziwazi kama breketi za soketi hiyo, vile vishikizo vya kukifungia kipozeo, zimo ndani ya boksi. Jibu lake ninalo hadi leo kwenye simu: “Zote zinaingia humo bosi, tuma hela tufunge mzigo.” Nikatuma. Mzigo ukapakiwa kwenye basi, nami nikaenda kuuchukua stendi nikiwa na furaha ambayo sasa hivi naionea aibu.

Breketi ya LGA1700 haikuwamo. Zilizokuwamo ni za soketi za Intel zilizotangulia, ambazo matundu yake yamepangwa kwenye mraba wa milimita 75, ilhali LGA1700, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2021, ina mraba wa milimita 78. Mtu asiyewahi kushika bisibisi atasema milimita 3 ni kitu gani. Fundi niliyemwita aliliweka bati la breketi linalokaa nyuma ya madabodi mbele yangu, skrubu ya kwanza ikaingia vizuri, ya pembeni yake ikagota kwenye madabodi milimita 3 kabla ya tundu, na ile ya pembe ya mkabala ikakosa kwa zaidi ya milimita 4. Akaligeuza, akaligeuza tena, halafu akaliweka mezani na kuniuliza kama nina risiti. Kulitanua kwa tupa alikataa katakata, kwa sababu kipozeo kikikaa upande, shaba yake haigusi prosesa sawasawa, na hapo hata kingejazwa barafu kisingesaidia kitu.

Nikapiga simu dukani. Nilianza kwa salamu, nikaeleza tatizo taratibu, nikamkumbusha picha niliyomtumia. Akanikatiza: “Kaka, kwani wewe ni fundi au ni mteja?” Nilipomjibu kwamba mimi ni mteja niliyelipa fedha kamili, alicheka, akasema kwa sauti ambayo bila shaka ilikusudiwa wenzake dukani waisikie: “Halafu huko Mtwara mnataka maji kwenye kompyuta ya nini, si mna bahari?” Wakacheka wote. Baada ya hapo akanitajia kwamba breketi ninayoitaka ipo, ila inauzwa peke yake kwa shilingi 40,000.

Nimeyatafakari maneno yale mara nyingi kuliko yanavyostahili. Ni kweli, bahari tunayo, na ndiyo inayotuletea hewa ya joto, unyevu na chumvi inayokula vyuma vya ndani ya kompyuta zetu, kwa hiyo kama kuna watu wenye sababu ya kuuliza habari za kupoza prosesa, ni sisi. Ama kuhusu hizo shilingi 40,000, itoshe kusema kwamba soketi hii ilipotoka, kampuni ya vipozeo kama Noctua iliwapa breketi mpya bure wateja wake wa zamani walioonyesha uthibitisho wa ununuzi. Mimi nilikuwa mteja mpya, na boksi langu lilikuwa limefunguliwa siku ile ile.

Breketi niliipata kwa bei ya haki kutoka duka jingine la mtaa ule ule, kwa msaada wa binamu yangu aliyekuwa akirudi nyumbani. Fundi alifunga rejeta, inayoyapoza maji, juu ya kesi ya kompyuta, akisisitiza kwamba pampu inayoyazungusha isiwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, kwa kuwa hewa iliyomo hupanda, na ikikusanyika kwenye pampu huiletea kelele na kuichosha. Tulipowasha na kuanza kutoa video, prosesa haikuvuka nyuzi 80, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba nilisikia majirani wakibishana. Siku hiyo ningewapa watengenezaji alama zote, na karibu nimsamehe hata muuzaji.

Hasira ilirudi nilipoanza kupiga hesabu. Kama boksi halikuwa na breketi ya soketi iliyotoka mwaka 2021, basi kuna kila dalili kwamba lilifungwa kiwandani kabla ya hapo, na limekaa kwenye rafu ya joto muda wote huo. Maji ya vipozeo hivi hupungua polepole kwa kupenya kwenye mipira, hata pasipo tundu, na vingi havina mahali pa kuyaongezea. Kwa hiyo niliuziwa kifaa ambacho sehemu ya uhai wake imeishia dukani, kwa bei ya kipya. Siku hizi ninapowasha kompyuta asubuhi nasikia mlio wa mapovu kwa muda mfupi, kisha unatulia. Fundi anasema hewa kidogo ni kawaida. Huenda ni kawaida.

Alama nilizokipa kifaa hapo mwanzo, basi, nazipunguza. Anayenunua kwa mara ya kwanza, akiwa mbali na duka kama tulivyo sisi, ningemshauri achukue kipozeo kikubwa cha feni mbili, kwa sababu feni ikifa atapata nyingine hapa hapa mjini, lakini pampu ikifa ametupa kifaa kizima. Akishikilia maji, kama nilivyoshikilia mimi, na kusema kweli sina mpango wa kukifungua changu na kurudi kwenye feni, basi adai picha ya breketi yenyewe ikiwa imeshikwa mkononi, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Mimi tarehe hiyo nimeshamwomba muuzaji kwa maandishi. Ujumbe ameusoma, jibu hajaleta, na dhamana yake ya mwaka mmoja inazidi kwenda.