Mafundi wa kuandaa nyumba ya kuuza, Tabata: wanajua kazi ila usafi bado

Kama unauza nyumba hapa Dar na umechoka na wateja wanaokuja wanaangalia dari, wanagongagonga ukuta, wanasema tutawasiliana halafu kimya, basi soma hii. Jirani alitupatia mafundi wa hukuhuku Tabata, hawana ofisi wala bango, ni fundi bomba, fundi umeme na fundi rangi wanaotembea pamoja, na wanakagua nyumba kwanza kabla hawajakutajia bei.

Kilichonifurahisha kuliko vyote, walikataa kupaka rangi. Ukuta wetu wa sebuleni unaopakana na bafu ulikuwa umepiga chumvi, ile rangi inavimba ukiigusa unga mweupe unamwagika chini, na dalali alikuwa anasisitiza tupige skimu, ile lipu nyembamba ya kulainisha ukuta, na rangi mpya fasta wateja waje. Fundi bomba akasema hapana dada, mnunuzi mjanja anaweka kiganja tu hapa anasikia unyevu, akishajua umemficha hiki hata choo kizima atakitilia mashaka. Wakabandua plasta wakakuta kiungio cha bomba kinavuja taratibu ndani ya ukuta, wakabadilisha, wakauacha wazi mpaka ukakauka kabisa ndo wakapiga plasta mpya. Kila hatua wakawa wananitumia picha WhatsApp, na hizo picha zimenisaidia kuliko maneno yote ya dalali maana mnunuzi alikuja na fundi wake, nikampa simu aangalie mwenyewe, akaacha kuuliza habari za ukuta akahamia kwenye bei.

Chemba nazo, yale mashimo yenye mifuniko ya kukagulia maji machafu, walizifungua zote wakamwaga maji kuangalia yanavyokwenda, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini ukivuja, uliokuwa umekatika wakaurudisha.

Sasa kasoro. Usafi zero, vifusi vya plasta waliviacha uani nikaita mtu mwingine wa kuvitoa, na fundi umeme akisema saa nne ujue ni mchana huo. Bei yao si ya chini pia, ila wanakuandikia vifaa mbali na ufundi kwa hiyo unaona hela inaenda wapi.

Makaratasi hawahusiki, hayo panga mwenyewe mapema. Mie niliweka faili moja, hati, risiti za kodi ya pango la ardhi, bili ya maji iliyolipwa, pamoja na ridhaa ya mume wangu kwa maandishi kwa sababu nyumba ya familia huwezi kuuza mwenzio hajaridhia. Na mnunuzi akitaka kwenda ofisi ya Ardhi kufanya search, yaani kuhakiki hati ni ya nani, mruhusu kwa moyo mweupe, mpe namba ya hati aende, ukianza kuzungukazunguka hapo ndo unamtia hofu.

Nawapa nne kati ya tano. Ukiwahitaji waite kiangazi, masika ukuta haukauki na wao hawakubali kupiga plasta juu ya maji.