Mazoezi ya bure ya IELTS Academic: kusoma yanatosha, kuandika yanakuacha njiani

Anayeomba chuo Uingereza, Australia au Kanada, na hata anayetaka kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza huko Uholanzi au Ujerumani, mara nyingi huombwa matokeo ya IELTS Academic, mtihani wa kupima Kiingereza cha wanaokwenda chuo. Mtihani huu una wenyewe watatu: British Council, IDP na Cambridge. Wote wameweka mazoezi mtandaoni bila malipo. Humu tunayapima kwa swali moja: mtu mwenye kompyuta ya kuazima, bando la kawaida na miezi miwili mkononi, yatamfikisha wapi katika kusoma na kuandika? Kusikiliza na kuongea tunaviacha kwa siku nyingine.

Tuanze na kusoma. Sehemu hii ina vifungu vitatu, maswali 40 na dakika 60. Vifungu vyote kwa pamoja vina maneno kati ya 2,150 na 2,750, na ugumu unapanda kadiri unavyosonga mbele. Kwenye tovuti ya ielts.org mazoezi yamepangwa kwa aina ya swali: kuoanisha vichwa na aya, kujaza muhtasari, kuandika majina kwenye mchoro, kuchagua jibu, na yale ya TRUE, FALSE na NOT GIVEN (dai ni kweli, linapingwa, au kifungu hakisemi) yanayowatoa watu jasho. Karatasi kamili zinapatikana kwenye tovuti ya British Council. Anza na yale ya aina moja moja, bila saa. Ukishajua kila aina inataka nini, ndipo uingie kwenye karatasi kamili na saa ikiwa mezani. Wengi hufanya kinyume: wanazimaliza karatasi kamili wiki ya kwanza, na mtihani ukikaribia hawana tena kitu kipya cha kujipimia. Karatasi uliyokwisha kuiona haikupimi, inakukumbusha tu.

Ubora wa maswali ndio unaoyapa mazoezi haya alama za juu kwetu. Majibu ya uongo yametegwa na watu wanaojua kutega. Chukua mfano huu tuliojitungia. Kifungu kinasema: majahazi mengi yaliyotia nanga Lamu yaliondoka na boriti za mikoko, machache yalibeba nafaka peke yake. Dai la kwanza: kila jahazi liliondoka na boriti. Hilo ni FALSE, kwa sababu kifungu kinalipinga waziwazi. Dai la pili: baadhi ya majahazi yaliondoka bila boriti. Ni TRUE, ingawa maneno yenyewe hayamo kwenye kifungu. Dai la tatu: boriti zilikuwa na faida kubwa kuliko nafaka. Hapo jibu ni NOT GIVEN, hata kama wewe ni mtu wa Lamu na babu yako alizifanyia biashara. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuandika FALSE kwa sababu jambo halikuonekana. FALSE inataka kifungu kipingane na dai. Kifungu kikinyamaza, hakijapinga kitu.

Sasa linganisha na mafaili yanayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, au vijitabu vya kopi vinavyouzwa steshenari kwa jina la «maswali ya mwezi huu». Ukiacha suala la wizi wa kazi za watu, tatizo lake hasa liko kwenye majibu: TRUE na NOT GIVEN zimechanganywa, muhtasari una nafasi zinazokubali majibu mawili tofauti, na wakati mwingine kifungu kimekatwa aya nzima. Mtu anayejifunzia humo anazoea kubishana na ukurasa wa majibu badala ya kuuamini, na hiyo ni tabia mbaya kuingia nayo kwenye chumba cha mtihani.

Upungufu upo, na ni huu: ukurasa wa majibu wa mazoezi rasmi kwa kawaida hukupa herufi au neno tu. Umekosa, jibu ni C, basi. Kwa nini ni C, kazi ni yako. Kwa hiyo usisahihishe kwa kuweka vyema na mikasi halafu ukafunga daftari. Kwa kila swali ulilokosa, rudi kwenye kifungu, pigia mstari sentensi yenye jibu, kisha andika pembeni sababu moja kati ya nne: neno sikulijua, muda uliniishia, maagizo sikuyasoma, au hoja niliielewa vibaya. Karatasi mbili tatu zikishapita utaona sababu moja inajirudia, na dawa ya kila moja ni tofauti. Anayeishiwa muda hasaidiki kwa kukariri msamiati.

Maagizo hasa yawe rafiki yako. Ukiambiwa maneno yasiyozidi mawili, jibu sahihi la maneno matatu halipati kitu. Neno lenye kistari katikati huhesabiwa moja. Tahajia ikikosewa, alama imekwenda. Ila tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubalika. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo kuacha nafasi wazi ni hasara ya bure. Na tofauti na kusikiliza kwa karatasi, kwenye kusoma hakuna dakika za nyongeza za kuhamishia majibu. Mgawo wa dakika 17, 20 na 23 unafaa kuliko 20 tatu sawasawa, kwa kuwa kifungu cha mwisho ndicho kizito, na kuhamisha majibu kumo humohumo.

Kwa kujikadiria, wenye mtihani wametoa wastani wa kusoma Academic kwa bendi, yaani ngazi za alama za IELTS ambazo kilele chake ni 9: majibu sahihi 15 ni bendi 5, 23 ni bendi 6, 30 ni bendi 7, na 35 ni bendi 8. Hupanda na kushuka kidogo kulingana na ugumu wa karatasi, kwa hiyo ukipata 30 nyumbani usijihesabie 7 mfukoni. Tafuta 32 au 33.

Jambo moja zaidi kabla hatujavuka: usifanyie zoezi la kusoma kwenye simu. Mtihani wa kompyuta huweka kifungu kushoto na maswali kulia, na una kalamu ya kupakia rangi maneno. Kwenye simu unatelezesha kidole juu na chini, unapoteza mstari, na muda unaoupima si muda wa mtihani. Kama kituo chako kinatumia karatasi, chapisha, na maswali yawe kwenye karatasi yake peke yake.

Kuandika ni habari nyingine. Dakika 60, kazi mbili, na hakuna anayekukumbusha kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kazi ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali, ramani au hatua za mchakato kwa maneno yasiyopungua 150. Shauri rasmi ni dakika 20. Ya pili ni insha ya hoja ya maneno yasiyopungua 250, dakika 40, na ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Kila kazi husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu ulichoulizwa, mtiririko wa hoja, msamiati, na sarufi. Maneno uliyoyanakili kutoka kwenye swali hayahesabiwi.

Maswali ya mazoezi ya bure yapo, na ni mazuri. Kilicho bora zaidi, na ambacho watu wengi wanakipita bila kukifungua, ni mafaili ya majibu halisi ya watahiniwa pamoja na bendi walizopewa na maelezo ya msahihishaji. Soma la bendi 5 na la bendi 7 la swali moja, ukiwa na jedwali la vigezo lililo wazi kwa umma pembeni. Hapo ndipo utaona kwamba kwenye kazi ya kwanza bendi 7 inadai picha ya jumla iliyo wazi: sentensi moja au mbili zinazosema mwelekeo mkubwa ni upi kabla ya kuingia kwenye tarakimu. Asiyeiandika, akataja namba moja baada ya nyingine kutoka mwanzo wa grafu hadi mwisho, anaangukia maelezo ya bendi 5 hata kama hana kosa la sarufi. Hakuna anayetaka maoni yako kuhusu kwa nini mauzo ya samaki yameshuka. Sema yameshuka, kutoka ngapi hadi ngapi, na kinachotofautiana nayo.

Kwa anayetoka kwenye shule zetu kuna mtego wake. Insha ya Kiswahili inasifiwa kwa methali mwanzoni, mapambo na mzunguko kabla ya kufika kwenye hoja. Ukiupeleka mtindo huo kwenye kazi ya pili, maneno 40 yanaisha kabla msimamo wako haujaonekana. Msimamo uonekane aya ya kwanza. Kisha kila aya ya kati ibebe hoja moja, sababu yake na mfano wake. Kwenye sarufi, angalia kwanza pale lugha yetu inapokusukuma: a na the zinazosahauliwa kwa kuwa hatuna kitu cha aina hiyo, he na she zinazobadilishana katikati ya aya kwa sababu sisi tuna «yeye» mmoja, na sentensi ndefu zilizofungwa kwa and, and, and. Wenzetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa waongeze kwenye orodha hiyo kosa la kuandika actually wanapotaka kusema «kwa sasa», na assist wanapotaka kusema «kuhudhuria».

Nani atakuonyesha makosa hayo? Hapa ndipo ya bure yanapoishiwa nguvu. Cambridge wana huduma ya mtandaoni, Write & Improve, ambayo hupokea maandishi yako na kwa muda mfupi sana hukurudishia ngazi ya CEFR (kipimo cha Ulaya cha ujuzi wa lugha), A1 hadi C2, na alama penye sentensi na maneno yenye shaka. Kwa kunoa sarufi na tahajia tunaipendekeza bila kusita: andika, tazama alama, rekebisha mwenyewe, tuma tena. Lakini ijue mipaka yake. B2 peke yake inabeba IELTS 5.5 hadi 6.5. Kama chuo kinataka 6.5, kuambiwa uko B2 hakukutofautishi na mtu wa 5.5 atakayekataliwa. Tena kazi yake ni lugha. Ukisema mstari umepanda wakati kwenye grafu umeshuka, sarufi ikiwa safi usitegemee ikushtue. Na wapo wanaobadilisha neno moja moja wakituma mara kumi ili ngazi ipande. Hao wanacheza na mashine tu.

Programu za akili mnemba tunaziweka chini zaidi kwa kazi hii. Hupenda kutoa bendi za ukarimu, na ukiomba marekebisho zinakuandikia insha upya kwa sauti isiyo yako. Zitumie kwa swali dogo: «nionyeshe sentensi tatu ambazo kitenzi hakikubaliani na kiima, usizirekebishe.»

Kwa hiyo kama una pesa ya kutumia, itumie hapa, si kwenye vitabu zaidi vya kusoma. Upo mtihani rasmi wa mazoezi wa kulipia, IELTS Progress Check, unaosahihishwa na watu waliofunzwa kazi hiyo na kukupa makadirio ya bendi. Matokeo hayaji papo hapo, na maoni yake yana faida ukibaki na muda wa kuyafanyia kazi, hivyo uufanye mwezi mmoja kabla, usingoje wiki ya mwisho. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari naye anaweza kukufaa kwa bei ndogo, ila mpe jedwali la vigezo na umwombe akupe alama kigezo kwa kigezo. Asipopewa atasahihisha kama insha ya shule: wino mwekundu kwenye tahajia, «vizuri» chini, na hutajua kama umejibu swali.

Kwa kituo cha kompyuta, idadi ya maneno huonekana kwenye skrini. Kazi yako ni kasi ya vidole. Kwa karatasi, pakua karatasi ya majibu ya mfano, ijaze kwa mwandiko wako na uhesabu. Ukiandika maneno kumi kwa mstari, 250 ni mistari 25, na siku ya mtihani hutapoteza dakika ukihesabu kwa kidole. Lenga 170 na 280, uwe na akiba.

Kwa nini tunang'ang'ania kuandika? Tazama hesabu: kusikiliza 7, kusoma 6.5, kuandika 5.5, kuongea 6. Wastani ni 6.25, na kanuni inaupandisha hadi 6.5. Cheti kinapendeza, lakini vyuo vingi huweka pia kiwango cha chini kwa kila sehemu, na ile 5.5 ndiyo itakayorudisha maombi yako. Waliofanya kwa kompyuta wanaweza, pale kituo kinapotoa huduma hiyo, kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza. Si kila chuo kinayapokea matokeo ya namna hiyo, basi andikia ofisi ya udahili kwanza, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipie.