Chembe nano za kunata au za kupenya: ipi ibebe chanjo ya puani?
Maganda ya kamba wanaomenywa Bagamoyo hutupwa, ilhali ndani yake mna kitini, dutu inayoyapa ugumu, ambayo ikichakatwa hutoa kitosani, malighafi ya chembe nano za kunata, yaani chembe ndogo mno zinazobeba chanjo na kushikamana na ute wa pua. Kitosani ina chaji chanya na ute una chaji hasi, hivyo chembe hizo hushikamana na ute na chanjo hukawia puani kuliko ikitiwa kwa maji matupu. Lakini ute wenyewe husukumwa kooni na kumezwa kwa takriban dakika 20, na kilichonata juu yake huondoka nao.

Chembe za kupenya hupakwa polietilini glaikoli, kemikali isiyonata kwenye ute, ili zipite katika vitundu vya ute bila kunaswa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha, katika ute wa uke, kwamba chembe za nanomita 200 na 500 zilizopakwa hivyo zilipita kwa wepesi kuliko zile za nanomita 100, jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha.

Binafsi naziegemea za kupenya, kwa kuwa seli za kinga zinazopaswa kufikiwa ziko chini ya ute. Ila kitosani, ikizifikia seli zilizo chini ya ute, hulegeza maungio yake ili chanjo ipite, na hilo si dogo.