TAHADHARI: Kijana anayepita majumbani "kupima maji" kwa vyuma (Kigamboni, na nasikia sasa yuko Mbagala)

Jamani, nimeingia mkenge. Laki mbili zimekwenda. Najua kuna watakaocheka, chekeni tu, ila someni, maana huyu kijana bado anazunguka na wengi wenu mchana mnaacha wazee na wasichana wa kazi nyumbani.

Alikuja Jumanne saa nne asubuhi. Mimi na mama mkwe tulikuwa barazani tunachambua mchele. Kijana nadhifu, kizibao cha bluu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, begi mgongoni. "Shikamoo mama, shikamoo bibi. Tunapita mtaani kupima usalama wa maji, ni bure." Nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi. Hakusema ametumwa na mamlaka ya maji. Alituachia tuamini wenyewe, na sisi tukaamini.

Akaomba glasi mbili. Moja akajaza maji yetu, ya kisima, ambayo nilikuwa nimeyachemsha usiku. Nyingine akajaza maji kutoka kwenye chupa yake, eti yamepita kwenye mashine yao ya kusafisha maji. Kwanza akatoa kikalamu chenye namba. Kwetu kikasoma 1,140, kwake 18. "Na haya mmechemsha? Mmeona sasa, kuchemsha hakusaidii." Halafu akatoa kidude cheusi chenye vyuma vinne, viwili kwa kila glasi, akachomeka kwenye umeme wa ukutani. Watoto wamesimama pale pale, sikuiona hatari hiyo kwa wakati ule.

Dakika haijaisha, maji yetu yakaanza kuwa ya njano, yakawa kama kutu, mwisho tope zito lenye povu juu. Ya kwake meupe vilevile. Akaisogeza ile glasi mbele ya mama mkwe taratibu: "Bibi, haya ndiyo mnawapa wajukuu." Bibi akashika kifua. Hapo biashara ilikuwa imekwisha.

Mashine laki tatu na themanini, "ofa ya mtaa", mwisho leo. Nikatuma laki mbili kwa simu, iliyobaki nilipe baada ya wiki. Jina lililotokea lilikuwa la mtu, si la kampuni. Nililiona kabisa, nikabonyeza namba ya siri. Akafunga chombo jikoni kwa nusu saa, akatupa na zawadi ya vidonge vya kutibu maji, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Na kauli ya mwisho, ambayo ndiyo inayoniudhi kuliko hela: "Kuanzia leo msihangaike kuchemsha."

Jumamosi akaja mtoto wa dada yangu, anasoma umeme chuo cha ufundi, VETA. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akauliza, "Mama mdogo, alitumbukiza vyuma?" Akaenda dukani akarudi na chupa ya maji ya kunywa, betri ya volti tisa na misumari miwili. Akatumbukiza misumari kwenye maji yetu ya kisima, taratibu yakaanza kuchafuka. Kwenye maji ya chupa, karibu hakuna kitu. Kisha akachukua chumvi ya jikoni, chumvi hii hii ya kupikia, akatia kidogo kwenye yale ya chupa. Yakageuka tope la kijani na kutu mbele ya macho yangu.

Uchafu ule hautoki kwenye maji. Ni chuma chenyewe kinaliwa. Maji yenye chumvichumvi yanapitisha umeme, umeme unakimenya chuma, kinamwagika kwenye glasi kama kutu. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo chuma kinabaki salama na maji yanabaki meupe. Wanaofanya kiini macho hiki hupenda kipande kimoja kiwe cha chuma na kingine cha alumini. Na visima vyetu vingi vya Kigamboni kila mtu anajua vina chumvi, basi huku kwetu kijana amepata shamba lililokwisha limwa.

Kile kikalamu nacho si kibovu. Kinapima kweli, ila kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka, kwa kuangalia umeme unavyopita. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya 600 kwa kipimo hicho ladha yake kwa kawaida ni nzuri, yakipita 1,000 yanaanza kukataa mdomoni. Ladha! Vijidudu hakivioni kabisa. Maji yenye vimelea vya kipindupindu yanaweza kusoma 18 kama yale ya chupa yake. Na ukichemsha chumvi haitoki, namba inaweza hata kupanda kidogo, kwa sababu mvuke unaondoka na chumvi inabaki sufuriani. Kijana analijua hilo, ndiyo maana alifurahi niliposema nimechemsha. Vijidudu vinapimwa maabara, na majibu huchukua siku, si dakika mbili barazani.

Tukaifungua mashine. Kikombe cha kwanza kina chujio la nyuzi, hilo la kweli, linazuia mchanga. Cha pili, mkaa kidogo. Cha tatu kitupu, na taa ya bluu imebandikwa nje, ile aliyosema "inaua bakteria". Taa ya kweli ya kuua vijidudu hukaa ndani ya bomba la chuma lililofungwa, kwa sababu mwanga wake unaumiza macho. Hii wanangu wamekuwa wakiichungulia siku zote hizo kama taa ya harusi. Tukapima maji yaliyotoka: 1,130. Tena hata angeniuzia ile ya kweli ya kutoa chumvi, inataka presha ya maji na umeme, na inamwaga maji mengi ili ikupe machache. Siku ya mgao, koki imekauka, ingenisaidia nini?

Kwa siku nne hizo tulikunywa bila kuchemsha. Wadogo wawili waliharisha. Siwezi kuapa kuwa ni maji, walikula maembe mabichi pia, lakini aliyekuwa Dar Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hawezi kulala akisikia mtoto anakimbilia choo usiku.

Vile vidonge vya kwenye karatasi nilivitupa. Vidonge vya kweli kila kimoja kiko kwenye kifuko chake kilichozibwa, na tarehe ya kuisha imeandikwa, kwa sababu klorini ikipigwa na hewa na unyevu inapoteza nguvu. Sasa nanunua duka la dawa. Vya kwangu ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, lakini vipo vya vipimo tofauti, soma pakiti yako. Koroga, funika, subiri nusu saa. Yakinukia klorini kwa mbali, hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imebaki ya kulinda maji. Maji yenye tope yaache yatulie kwanza, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Shabu inatuliza tope tu, haimalizi vijidudu, bibi yetu alikuwa anabisha hilo mpaka jana.

Kuchemsha kumerudi palepale. Yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha huku pwani, hakuna haja ya kumaliza gesi. Chumvi itabaki, ndiyo, lakini vijidudu vimekufa. Gesi ikiisha, kuna jua: chupa safi isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, maji maangavu, ilaze juu ya bati kwa muda wa saa sita za jua kali, au siku mbili mawingu yakitanda.

Kuhusu akiba, tangu Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yaliposhuka na mgao ukatukuta na madumu matatu, nimejifunza hesabu. Sisi tuko sita. Kunywa na kupika naweka lita tatu kwa kichwa, yaani lita 18 kwa siku, karibu ndoo nzima. Kwa hiyo ndoo tano zenye mfuniko na koki ni siku tano za kunywa, ukiacha ya kufua na ya chooni ambayo yako kwenye simtanki. Koki ni muhimu, kwa sababu kata ikiingia, na mkono unaingia. Ndoo tano hizo ni sehemu ndogo tu ya laki mbili zangu.

Namba yake sasa haipatikani. Nimefungua RB (taarifa ya polisi) kituoni na muhamala ninao. Risiti aliyoniachia ina mhuri wa zambarau wenye tone la maji katikati, bila anwani. Mwenye risiti ya namna hiyo anitumie ujumbe hapa, tumeshapatikana watatu, na Jumatatu tunakwenda kituoni pamoja.