Chambo na ndoano za sato Mwanza: kipi ununue kwanza na kipi ukiache dukani

Ukiingia dukani kuulizia vitu vya kuvulia kwa ndoano utaoneshwa fimbo kwanza, manake ndo yenye bei. Mi nasema anza na ndoano, halafu chambo, halafu nailoni, fimbo iwe ya mwisho kabisa. Hapa naongelea mtu anayevua sato akiwa nchi kavu, kwenye mawe ya Luchelele au Nyegezi, au kule Igombe na Kayenze, sio wale wa mtumbwi wanaotega sangara usiku. Sato ana mdomo mdogo na anakula kwa kuonja, anachukua kitu, anakitema, anakirudia tena, sasa kama ndoano ni kubwa au chambo kimekaa vibaya hata ukiwa na fimbo ya bei gani utarudi na ndoo tupu.

Kuna watu wanaangalia video za Marekani na Ulaya, wanaona wenzetu wanavua kapu mla majani, yule samaki mkubwa wa asili ya China na mto Amur, wanamvua kwa mahindi ya kopo, mkate, hata majani mabichi, basi na wao wanatamani kununua vitu vilevile. Mengine yanafaa huku, mengine hayafai. Sato naye ni mla mwani kwa asili yake, ila tangu aletwe Ziwa Victoria miaka ya 1950 amekuwa mlaji wa kila kitu, wadudu, uduvi, konokono wadogo, mabaki ya chakula, kwa hiyo kwake una uwanja mpana wa chambo kuliko hao wenye kapu. Basi nawapangia kuanzia kinachofaa zaidi.

Chambo

Namba moja ni minyoo ya ardhini, na sioni kinachokaribia. Inafaa asubuhi, inafaa jioni, inafaa maji yakiwa meupe na yakichafuka baada ya mvua. Unaweza kuchimba mwenyewe kwenye migomba, au pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa kila siku, lakini kama unanunua kwa wale vijana wanaouza kwenye vikopo, usinunue kabla hujamwaga kidogo mkononi. Mnyoo mzuri ni mwekundu, ukiuminya kidogo unajikunja kwa nguvu, na udongo wake unanukia udongo tu. Ukisikia harufu ya kuoza ujue chini kuna waliokufa na mpaka ufike ziwani na wengine wameshafuata, achana nacho. Pia kataa kopo lililofunikwa gubigubi bila tundu. Ukishanunua weka kwenye udongo wenye unyevu, sio matope, na ukae kivulini, manake jua la saa tano kwenye mawe ya huku linapika kopo zima. Kwenye ndoano usiuweke mnyoo mzima unaning'inia kama kamba ya kiatu, sato atakula mkia na kuondoka, kata kipande, pitisha ndoano ndani yake mpaka shingo ya ndoano ifunikwe, uache nje kipande kama urefu wa kucha kiwe kinacheza.

Namba mbili ni ugali, ila sio ugali wowote. Ugali wa sembe peke yake ukirusha unaachia ndoano hewani, na ukifika majini unameguka. Wa udaga ndo wenyewe, ule wa muhogo ambao Ukerewe na Sengerema wanaula kila siku, unanata wenyewe bila kubembelezwa. Kama nyumbani kuna sembe tu, chukua ugali mgumu uliopoa, kanda na unga mkavu wa ngano kidogokidogo mpaka usigande kwenye vidole, halafu funga kwenye mfuko usikauke. Tonge liwe saizi ya punje ya mahindi, na ncha ya ndoano iwe inachungulia. Wengi wanaweka matonge makubwa wakidhani samaki mkubwa anataka tonge kubwa, wakati sato anadonoa pembeni mpaka linaisha na boya halijazama hata mara moja. Faida ya ugali ni bei, karibu na bure, na furu, wale samaki wadogo wadogo wa ziwani, hawausumbui sana kama wanavyosumbua mnyoo. Hili la furu sio dogo, kuna sehemu ukitupa mnyoo wanaushambulia kabla haujafika chini, hapo badilisha uweke ugali moja kwa moja.

Namba tatu ni chakula cha samaki wa kufugwa, zile punje zinazouzwa kwa kilo kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Vizimba vya kufugia samaki vimekuwa vingi ziwani na sato wa maeneo ya karibu wameshaijua ile harufu. Punje kavu haishiki kwenye ndoano, so loweka kwa maji kidogo, subiri ilainike, kanda na unga wa ngano ufanye donge. Nunua nusu kilo tu, na inusie kabla hujalipa, ikiwa na harufu ya uvundo au ina unga mweupe wa ukungu rudisha. Lakini usiende kuvua kwenye kizimba cha mtu, ile ni mali ya watu na ugomvi wake unafika mbali.

Kumbikumbi msimu wa mvua ni wazuri sana, pengine wanapita ugali kwa siku mbili tatu hizo wanapotoka, ila huwezi kuwategemea. Mahindi mabichi ya kuchemsha yanafaa pale tu ambapo umeshazoesha samaki kwa kumwagia, vinginevyo wanayapita. Hapo ndo tofauti na kapu mla majani ilipo, yule punje ya mahindi anaikubali kirahisi zaidi, sato wa ziwani lazima umfundishe kwanza. Majani mabichi acha. Mwani ule wa nyuzinyuzi unaoota kwenye mawe unashika sato kweli, na ni bure, ila kuuzungushia kwenye ndoano ukae inahitaji mkono mzoefu na anayeanza atakata tamaa, kwa hiyo nauweka chini sio kwa ubaya wake.

Dagaa usinunue kwa ajili ya sato. Dagaa na vipande vya samaki ni chambo cha kambare, kamongo na sangara, na kamongo akishika kwenye nailoni yako nyembamba ataondoka nayo na ndoano yako juu.

Kitu kimoja cha kuongeza hapa ambacho wengi wanakiruka ni chakula cha kumwagia. Wavuvi wa kapu huko nje wanamwagia mahindi eneo siku kadhaa kabla ya kuvua, sisi tuna kitu kizuri zaidi na cha bei ndogo, mashudu ya pamba. Huku ni kwenye pamba, mashudu yapo kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, yana harufu na yanazama vizuri. Changanya mashudu konzi mbili na pumba za mpunga konzi nne, weka udongo wenye unyevu ufinyange mabonge, tupa mawili matatu mahali boya lako litakapokaa, halafu tulia. Pumba peke yake bila udongo zitaelea na upepo utazipeleka kwa jirani. Usimwage nyingi, unataka samaki aje akiwa na njaa, sio aje ashibe.

Ndoano

Hapa ndo watu wanapoteza hela. Kwanza elewa namba, manake zinaenda kinyume na watu wanavyodhani, namba ikiwa kubwa ndoano inakuwa ndogo, ya 12 ni ndogo kuliko ya 8, mpaka ufike namba 1, ukivuka hapo zinakuja zile zenye sifuri, 1/0, 2/0, nazo zinapanda ukubwa. Muuzaji akikwambia "chukua namba kubwa uvue samaki wakubwa" hamjaelewana.

Kwa sato nunua namba 8 na namba 10, basi. Namba 8 kwa mnyoo, namba 10 kwa ugali na punje. Namba 6 chukua chache kama mahali unapovua wanatoka wazito. Ndoano za sangara zilizojaa madukani ni kubwa mno, sato hawezi kuimeza hata akitaka. Chagua yenye shingo ndefu, ni rahisi kuichomoa mdomoni na mnyoo unakaa vizuri.

Kabla hujalipa fanya hivi, chukua ndoano moja kwenye boksi, weka ncha juu ya kucha ya dole gumba, ivute taratibu bila kukandamiza. Ikishika na kuchora kucha ni kali, ikiteleza ni butu na boksi zima ni hivyohivyo. Halafu angalia lile tundu la kufungia nailoni, duara likiwa halijafunga nailoni itapenya na kukatika. Mwisho ivute kidogo kwa vidole uone inarudi au inabaki imepanuka, ikibaki imepanuka ni waya laini huo. Kununua kwa pakiti ni nafuu kuliko mojamoja, na usirudishe ndoano iliyolowa kwenye pakiti na zile kavu, zote zitaota kutu.

Nailoni

Unene wa milimita 0.25 kwa sehemu ya mchanga, 0.30 mpaka 0.35 kwa mawe. Mwanza ni mawe, na haya mawe yetu ya granaiti yana punje kali zinazokwangua nailoni mpaka inakuwa na manyoya, pitisha vidole kila ukishatoa samaki, ukisikia mkwaruzo kata kipande hicho ufunge upya. Dukani usichukue roli iliyoning'inia mlangoni, jua linaua nailoni, omba iliyokaa ndani. Ijaribu kwa kufunga fundo, lilowanishe kwa mate, livute polepole bila kushtua. Ikikatika kirahisi kwenye fundo ni ya zamani hiyo. Na kulowanisha fundo sio dukani tu, hata ziwani fanya hivyo kila unapofunga ndoano, fundo kavu linajiunguza lenyewe likikazwa. Vipande unavyokata rudi navyo nyumbani, ndege wa majini wananasa miguu humo.

Namna ya kufunga

Ya kwanza na inayotosha siku nyingi, boya dogo, risasi ndogo ya kubana (kile kijiuzito cha kuzamisha), ndoano moja. Boya liwe jembamba, usinunue yale maboya ya duara makubwa mekundu na meupe, sato akidonoa halitikisiki. Kipande chembamba cha bua kinafanya kazi nzuri kuliko hilo la dukani, au kata ndala iliyokufa. Risasi iweke kama shibiri moja juu ya ndoano, na uzito wake uwe wa kulifanya boya lisimame, libakie juu kidogo tu. Risasi usibane kwa meno, madini yake ni sumu, tumia koleo.

Ya pili, risasi yenye tundu inayoteleza kwenye nailoni, bila boya, inakaa chini. Hii nunua kwa ajili ya mchana. Asubuhi ziwa linakuwa limetulia, ila mchana upepo unageuka unatoka ziwani kuja nchi kavu na boya linarudishwa miguuni kwako kila ukirusha. Samaki akivuta, nailoni inapita kwenye tundu bila yeye kusikia uzito. Inafaa na kwa kambare pia.

Ya tatu, ndoano mbili au tatu juu na risasi chini. Inavua, ila inajifunga mafundo na kwenye mawe utaziacha zote kwa mkupuo, mimi siipendekezi kwa anayeanza.

Na ya mwisho ni ule mtego wa wavuvi wa kapu, ambao chambo kinaning'inia kwenye uzi nje ya ndoano, ndoano yenyewe iko wazi. Uliundwa kwa ajili ya kapu wa kawaida, sio yule mla majani, kwa sababu anafyonza chambo kizima na kukitema, ndoano ikifuata inamnasa mdomo. Sato wetu anadonoa kipande, hivyo atakula cha kwenye uzi na ndoano itabaki hivyohivyo. Vifaa vyake vinauzwa ghali mtandaoni, acha hiyo hela.

Fimbo

Mwanzi mkavu wa mita tatu na nusu au nne, ulionyooka, usio na ufa. Gonga usikilize, ukilia kwa ndani umekauka. Kama una hela kidogo zaidi chukua ile fimbo ya kuvuta inayoingia ndani kwa ndani, vuta vipande vyote mbele ya muuzaji uone kama kuna kinacholegea. Urefu una maana kubwa huku kwa sababu ya kichocho, fimbo fupi itakulazimisha uingie majini mpaka magotini pale kwenye majani, na konokono wake wanakaa hapohapo. Fimbo ndefu inakuacha juu ya jiwe ukiwa mkavu. Kuna na mamba sehemu nyingine, ulizia wenyeji kabla hujakaa.

Fimbo ya rili, ile yenye kifaa cha kuzungushia nailoni, nunua baadaye, na usinunue ya bei ya chini kabisa, mchanga ukiingia kidogo inakwama na dukani hawairudishi. Zungusha mkono wake, ukisikia inakwaruza iache.

Kabla ya kwenda pitia kwa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo husika uulizie utaratibu wa kibali. Na kabla hujaondoka nyumbani chukua rula, upime kwenye mwanzi wako kuanzia kitakoni, uchore alama sentimita 25, kwa sababu sato chini ya hapo haruhusiwi kuvuliwa. Ukimtoa mlaze pale kwenye alama mikono yako ikiwa imelowa, asipofika mwachie hapohapo, na ukikuta jike ana mayai au vifaranga mdomoni mrudishe haraka hata kama ni mkubwa.