Matembezi ya Haçienda, Manchester: klabu ilijaa, kaunta ikalia njaa

Wenzangu mlioko Uingereza mnaopenda kuruka majoka, mkifika Manchester lipieni matembezi ya historia ya muziki wa mji ule. Kampuni zipo kadhaa. Niliyokwenda nayo siitaji, maana sikulipwa kuipigia debe.

Msitegemee kuingia ukumbini. Haçienda, klabu ya dansi iliyovuma mjini humo, ilivunjwa 2002, na pale Whitworth Street West pamejengwa nyumba za ghorofa zilizorithi jina lake. Kilichobeba matembezi ni mzee aliyetuongoza, aliyekuwa akikesha mle ujana wake. Alisimama kando ya barabara akatuonyesha picha: nguzo za chuma zenye michirizi ya manjano na nyeusi kama alama za hatari kiwandani. Zilikuwa katikati kabisa ya uwanja wa kuchezea, na mbunifu Ben Kelly, badala ya kuzificha, akazipigia rangi.

Klabu ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1982 na Factory, lebo ya kutoa rekodi, pamoja na bendi yake ya New Order, katika jengo lililokuwa la kuuzia boti. Miaka ya mwanzo ilipwaya, tena sauti ikivuma ovyo. Ijumaa za DJ Mike Pickering, baadaye na Graeme Park, ndizo zilizoleta foleni. Walipiga hausi (house), muziki wa dansi wa mashine kutoka Chicago, na kufikia 1988 hapakuwa na pa kutia mguu.

Nikamuuliza mzee wetu: imejaa hivyo, ilifilisikaje? Akacheka. Watu walimeza ekstasi, vidonge vya kulevya, na mwenye ekstasi hanywi bia, anakunywa maji. Klabu inaishi kwa kaunta, kiingilio hakitoshi. Hela ikaenda kwa wauza vidonge, na nyuma yao yakaja magenge yenye bunduki yakitaka kuamrisha mlangoni. 1989 binti wa miaka 16 alifariki baada ya kumeza kidonge mle. Mwanzoni mwa 1991 klabu ikajifunga yenyewe, ikafungua tena Mei. Factory ikafilisika 1992. Mauzo ya rekodi za New Order ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo miaka yote hiyo, hadi Juni 1997 milango ikafungwa moja kwa moja. (Klabu yetu ya Bilicanas, Dar, iliondolewa na mgogoro wa kodi ya pango. Wanywaji ilikuwa nao tele!)

Nililofurahia zaidi: Peter Hook, mpiga besi wa New Order, alitengenezewa magitaa kwa mbao za sakafu ile ile.

Kasoro ninayo moja. Majalada ya rekodi za Factory tulielezwa mpaka basi, lakini vijana weusi wa Chicago na Detroit, wenye muziki wenyewe, hawakutajwa mpaka nilipouliza mimi. Kwa hilo nimewakata nyota moja, nimewapa nne. Mkienda, ulizeni mapema, na msiache koti la mvua.