BESM toleo la pili: kasoro kwanza, jina baadaye

Muulize mchezaji mgeni wa gemu za mezani za kuigiza wahusika, zile zenye ladha ya anime (katuni za Kijapani), mhusika wake anaitwa nani. Mara nyingi utaambiwa Kuro, au Kage, au jina lolote lenye giza ndani yake, na mwenye jina anavaa koti refu jeusi, ana panga mbili mgongoni na wazazi wake waliuawa. Ukiuliza zaidi ya hapo, kimya. Mimi ndiye mwendesha gemu wa meza yetu, yaani anayesimulia kisa na kuwachezesha maadui, kwa hiyo kimya hicho huniangukia mimi: nitamtungia kisa gani mtu ambaye hana cha kupoteza?

Ndiyo maana bado nalishikilia toleo la pili la Big Eyes, Small Mouth, ambalo wachezaji wengi tunaliita BESM tu. Gemu ilitoka Kanada mwaka 1997, toleo hili likaja mwaka 2000, na Guardians of Order waliolichapisha walishafunga kazi kitambo. Kanuni zake ni nyepesi. Mhusika ana namba tatu, Mwili, Akili na Roho, kuanzia 1 hadi 12, na binadamu wa kawaida yuko kwenye 4. Vipaji, kuanzia uchawi hadi kumiliki meka (roboti kubwa linaloendeshwa na mtu aliye ndani), vinanunuliwa kwa pointi.

Utamu wenyewe uko kwenye kasoro. Ukikubali kumpa mhusika wako udhaifu, unarudishiwa pointi moja au mbili za kununulia kitu kingine. Kuna adui asiyekuachia, jinamizi linalojirudia, alama ya mwili inayokutambulisha kila uendako, mtu wa karibu ambaye maadui wanaweza kumtumia dhidi yako. Ipo hata kasoro ya kupendwa na kila mtu, na yeyote aliyewahi kutazama anime ya shuleni anajua hilo ni balaa kiasi gani.

Nichukue mfano wa rubani wa meka tuliyemjenga mezani kwetu, msichana wa miaka 16. Mwili 3, Akili 7, Roho 6. Afya yake ni Mwili na Roho vikijumlishwa, mara tano, yaani 45. Uwezo wa kupigana ni wastani wa namba zote tatu: 5 ukitupa desimali. Halafu zinakuja dadu. Unarusha mbili, na ili ufaulu lazima upate jumla isiyozidi namba yako. Kwa Mwili 3, kabla ya ujuzi na nyongeza nyingine, matokeo yanayokuokoa ni 3 tu kati ya 36. Kwa hiyo tuna binti anayeendesha lijitu la chuma refu kama ghorofa, lakini kuruka ukuta wa shule kunamshinda. Mhusika alikuwa ameshaanza kupumua, na bado hana jina.

Kasoro alizochagua mchezaji wake ni tatu: jinamizi, mdogo wake wa kiume, na adui. Nikamuuliza anaota nini. Mchezaji huyu, ambaye naye alikuja kwanza na Kuro wa koti jeusi, akafikiri kidogo, akasema anasikia sauti ya rubani aliyekalia kiti kile kabla yake. Hapo ndipo tukatafuta jina, na likapatikana haraka: Minase Aoi, ukoo ukitangulia kama Wajapani wanavyofanya. Kamanda anamwita Minase-kun. Mdogo wake anamwita neechan, yaani dada, jina hataji kabisa. Anayemwita Aoi peke yake, bila viambishi vya heshima au mapenzi kama -san, -kun au -chan, ni adui, na kwa Wajapani jina tupu namna hiyo ni la watu wa karibu. Sikuhitaji kuandika ukurasa wa historia kueleza kwamba wawili hawa walikuwa karibu zamani. Kila adui alipofungua mdomo, meza nzima iligeuka kumtazama mchezaji.

Kuhusu majina, kitabu hakikusaidii sana. Sura ya majina hutaikuta, kwa hiyo sheria za meza utajitungia. Yangu ni kali kwenye jambo moja: majina mawili yasianze kwa sauti ileile. Haruka, Haruto na Haruki wakikaa kikosi kimoja, mapigano yakianza hakuna anayejua nani kajeruhiwa. Maadui nawapanga kwa mada, mtindo ambao Dragon Ball iliutumia kwa mboga: Vegeta kutoka neno la mboga zenyewe, Kakarot kutoka karoti, Raditz kutoka figili. Inachekesha, lakini wachezaji hawasahau nani ni wa kundi gani.

Mwishoni mwa kuunda mhusika kitabu kinapendekeza upewe pointi za ziada ukiandika historia yake, hadithi yake, au ukimchora. Nia ni nzuri. Tatizo ni kwamba mwenye mkono wa kuchora anatajirika na asiyejua kuchora wala kuandika anabaki na karatasi yake kavu. Mimi natoa pointi hizo kwa kadi fupi ya wasifu kama zile wanazotengenezewa wahusika wa anime: siku ya kuzaliwa, kimo, chakula anachokichukia, kundi la damu. Imani ya Kijapani kwamba wa A ni watu wa utaratibu na wa AB hawaeleweki haina sayansi yoyote, ila inampa mchezaji mahali pa kuanzia. Aoi ni A, na hupanga viatu vyake sambamba mlangoni hata king'ora kikilia.

Bei za ujuzi kubadilika kulingana na aina ya kisa ni wazo nililolipenda. Nisichokipenda ni kasoro zinazochaguliwa kwa hesabu: mjanja atachukua hofu ya kitu ambacho hakitatokea kamwe na kubeba pointi zake. Mwendesha gemu uwe na ubavu wa kukataa, au ukitafute kitu hicho ukilete.

Na kama zile nafasi 3 kati ya 36 zinakutisha, toleo la nne la mwaka 2020 linajumlisha dadu na namba yako badala ya kukutaka uwe chini yake, na wahusika hawaanguki ovyo. Nenda nalo hilo, kisha hamishia huko zile pointi za historia.